Maswali kwa Mwalimu: Kaburi penye maua ya miwati

Katika toleo lililopita nilisimulia shairi moja la Australia la mwaka 1870. Mchunga ng'ombe anaumwa, hawezi tena kukaa juu ya farasi, anamwomba mwenzake amshushe amlaze kivulini, kisha anazungumza mpaka macho yanapofifia. Mtunzi wake ni Adam Lindsay Gordon. Nilitarajia barua mbili tatu za watu wa fasihi. Zimefika kumi na nne, nyingi za watu waliofiwa. Hapa nimejibu tano. Nyingine nitawajibu wenyewe mmoja mmoja, wasinichoke kunisubiri.

Shikamoo Mwalimu. Baba yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya miwati hapa Njombe tangu ujana wake, akibambua magome. Alifariki mwezi wa tatu. Kabla ya kufa alituambia, mimi na dada yangu, tusimjengee kaburi. Hakutaka saruji, vigae wala msalaba wa chuma. Baba zetu wadogo wameshachanga hela ya kujengea, na wanasema tunamfanya mzee aonekane hakuacha watoto. Niliposoma kwamba yule mchunga ng'ombe naye alikataa jiwe, nilishtuka. Kwa nini alikataa? Na ni kweli shairi lenyewe linataja miwati? — Msomaji, Njombe

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Nianze na miti, maana hilo ni jepesi. Ni kweli inatajwa. Katika ubeti wa mwisho mgonjwa anaomba alale bondeni, penye maua ya miwati yanayopepea. Ukoo wa miti hiyo ni mkubwa mno huko Australia, una aina karibu elfu moja, na muwati wenu wa Njombe ni mmoja wao. Kwao ni kusini-mashariki mwa nchi hiyo, ukaletwa Afrika kwa ajili ya magome yanayotoa dawa ya kutengenezea ngozi. Jina waliloipa miti hiyo walowezi wa mwanzo, "wattle" kwa Kiingereza, ni lilelile la fito za kujengea, kwa sababu walikata matawi yake, wakasuka kuta, wakakandika kwa udongo. Kwa hiyo mti aliouvua magome baba yako maisha yake yote, na mti alioutaka yule mtu juu ya kichwa chake, ni ndugu.

Sasa la jiwe. Naomba ulisome shairi polepole kuanzia juu, kwa sababu sababu ya kukataa jiwe imefichwa mwishoni, na wengi huipita.

Mwanzo ni kazi tupu. Ned, ndiye yule mwenzake, amemshikilia mgonjwa njia nzima asianguke, huku akiongoza farasi wawili, jua kali, hakuna sauti. Mgonjwa akishalazwa anakumbuka: alfajiri walipopita ranchi fulani, siku waliyoswaga ng'ombe waliogeuka wa porini, siku waliyowafukuza majambazi kwa farasi. Halafu anaanza kuwahesabu wenzao. Mmoja alimalizwa na pombe, akafa akiweweseka. Mwingine alianguka na farasi akavunjika shingo. Karibu wote wa rika lao wamekwenda, anasema, na inaonekana tumebaki mimi na wewe tu. Hajisifu, wala hatubu sana. Mema ambayo hakuyatenda na vipaji alivyovitapanya, anaona amechelewa kuvisikitikia, na angepewa maisha mengine angeishi vilevile. Nimefundisha shairi hili kwa miaka mingi, na kila mwaka kulikuwa na mwanafunzi aliyekasirishwa na mistari hiyo. Mimi haijawahi kunikasirisha. Mtu anayekufa akisema kweli namsikiliza.

Kisha anga la buluu linaanza kuwa giza, nyasi zinamwinuka na kumshuka chini ya mgongo, na hapo ndipo anapotoa ombi lake: nizike penye miwati, bila jiwe, bila uzio. Wasomaji wengi huishia hapo, wakasema ni unyenyekevu, au ni ukaidi wa mtu wa porini. Lakini kuna mistari miwili zaidi. Anasema kwamba watoto wa ranchi wakija kuchuma maua ya porini juu ya kaburi lake, huenda akawasikia wakicheza hapo juu.

Hiyo ndiyo sababu yake, mwanangu. Kule porini kaburi lilizungushiwa mbao ili mifugo isilikanyage, na uzio unaomzuia ng'ombe humzuia na mtoto. Mtu huyu katika shairi zima hataji mke wala mtoto wake. Wenzake wamekufa, Ned naye kesho ataendelea na safari. Watu pekee anaoweza kuwatumaini ni watoto wa wengine, na anataka njia yao iwe wazi.

Gordon mwenyewe alikuwa na kaburi la mtoto moyoni. Alizaliwa visiwa vya Azores mwaka 1833, akafika Australia Kusini mwaka 1853, akawa askari wa farasi, mfundisha farasi, mpanda farasi wa mashindano, hata mbunge kwa muda mfupi. Mwaka 1868, akiwa Ballarat, binti yake mchanga alifariki. Biashara yake ya kutunza na kukodisha farasi ilikufa, na urithi aliokuwa akiutazamia Uskochi ukamponyoka. Kitabu chake chenye shairi hili kilitoka tarehe 23 Juni 1870. Kesho yake asubuhi alijiua, pwani ya Brighton, Melbourne, akiwa na umri wa miaka 36 na deni la mchapishaji ambalo hakuwa na njia ya kulilipa. Rafiki zake walimjengea nguzo ya mawe. Mwaka 1934 sanamu yake iliwekwa kanisani Westminster, London, kwenye kona ya washairi wakubwa wa Kiingereza. Aliyeandika kwamba hataki jiwe amepata mawe mengi kuliko wenzake wote.

Siwalaumu rafiki zake. Waliomboleza kwa namna waliyoijua, na baba zako wadogo nao wanafanya hivyo. Hela waliyochanga ni upendo, usiitukane. Lakini ukiniuliza mimi nasimama wapi, nasimama kwenye wosia wa marehemu. Nikuambie pia kwamba mimi ni Mwislamu wa Tanga, nimekulia kati ya makaburi ya udongo, kwa hiyo uyapime maneno yangu ukijua yametoka wapi. Waite wazee wako, uwafasirie ubeti ule wa mwisho kwa Kibena. Usianze na habari ya saruji. Anza na watoto wanaochuma maua, kisha waulize kama mzee aliwahi kuwaambia ni nani alitaka apite juu yake.

Mwalimu, niko mwaka wa tatu chuo kikuu Dodoma. Nafasiri shairi la Henry Lawson "Past Carin'", la yule mama wa porini. Msimamizi wangu amekataa tafsiri yangu ya kibwagizo, "sijali tena". Halafu nashindwa na lile neno lao la pori, "bush", maana kila ukurasa lina maana tofauti. Nisaidie. — Mwanafunzi, Dodoma

Msimamizi wako ana haki. "Sijali tena" kwa Kiswahili chetu ni maneno ya mtu aliyegombana bombani. Yana kiburi ndani yake, na mama yule hana hata tone la kiburi.

Mtazame alivyo. Kunguru wanazunguka juu ya mteremko uliokauka. Bondeni ng'ombe mwingine wa maziwa anakufa. Mazao yamenyauka, na udongo wa chini ya lambo unang'aa kwa jua. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa kuteseka wiki nzima, mchana kutwa akipakatwa na baba yake au kulazwa kifuani pa mama. Tangu hapo ameokoa watatu na kuzika wawili. Mume alikwenda kukata manyoya ya kondoo ili wapate fedha, sasa anaswaga ng'ombe mbali kaskazini-magharibi, na habari zake hazijulikani. Baada ya kila ubeti mama anarudia neno lile. Mimi nimelifasiri "moyo umekufa ganzi". Najua kuna "moyo umeota sugu", nalo zuri, lakini sugu inakukinga. Ganzi haikukingi. Unauona mkono wako pale ulipo na huusikii, na unajua damu ikirudi utaumia.

Sasa jambo ambalo naona hukuliona, maana ungelitaja. Katika ubeti wa mwisho kibwagizo kinabadilika. Mama anasema macho yamemkauka, moyo wa kuvunjika hana tena, lakini pale ulipokuwa pana maumivu matupu, mazito. Kijana wake wa mwisho amemtoroka. Kisha hasemi tena kwamba ameshafika kwenye ganzi hiyo. Anasema anatamani afike. Kumbe beti zote zile alikuwa akijidanganya, na ganzi haijamfika! Tafsiri yako ikikosa mgeuko huo, umefasiri malalamiko tu. Andika "moyo umekufa ganzi" kote, na mwishoni "natamani ufe ganzi". Msimamizi akikataa na hiyo, mwambie aniandikie.

Kuhusu pori: kwa Waaustralia neno lile ni kila kisicho mji. Msitu wa mikaratusi ni hilo, mbuga kavu ni hilo, ranchi ya kondoo yenye ukubwa wa wilaya ni hilo. Vijana wetu nao husema "bushi" kwa maana ya shamba kusiko na umeme, lakini usilitumie, linadharau. "Msitu" unadanganya, kwa kuwa nusu ya nchi ile haina mti. "Shamba" linaondoa hatari. Mimi nimetumia "pori" kwa Gordon, kwa sababu kwetu pori lina ng'ombe na lina kupotea. Kwa mashairi ya ukame natumia "nyika". Na kwa lile shairi la Lawson la Julai 1892, lililoanzisha mabishano na Banjo Paterson katika gazeti la The Bulletin la Sydney, tumia neno letu la pwani, "bara". Lawson alisema anarudi kutoka bara, na kwamba vijito na vivuli wanavyoimba washairi wa mjini hakuviona. Paterson, wakili wa Sydney aliyezaliwa shambani, alimjibu kwamba abaki mjini kama bara limemshinda. Paterson alisimulia uzeeni kwamba walikubaliana kubishana ili wapate malipo. Basi na iwe hivyo. Lakini mwaka huohuo mhariri alimpa Lawson pauni tano na tiketi ya treni hadi Bourke, mji wa huko bara, na Januari 1893, kipindi cha joto kali kule, akatembea kwa miguu hadi Hungerford, zaidi ya kilomita 200, na kurudi. Nampenda Paterson nikiwa na furaha. Ninapotaka kujua kiu ilivyo, namsoma Lawson.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha kidato cha pili Lindi. Nataka kuwaonjesha vijana ushairi huo wa Australia. Nianze na lipi? Na je, una vina na mizani, au ni guni? — Mwalimu, Lindi

Anza na la mwari, la Mary Hannay Foott, lililotoka katika The Bulletin mwaka 1881. Ni fupi, na mtoto wa kidato cha pili ataliona kwa macho.

Farasi wako tayari, vizuizi vya lango vimeshushwa, na wapanda farasi wawili bado wanasitasita. Mmoja ana neno la kuaga, mwingine anajaza kiko chake. Wanaondoka. Mmoja amejibiwa ombi lake, mwingine ana huzuni ambayo hakuna aliyeijua. Wanasema wanakwenda mwari anakojenga kiota. Watu wa magharibi ya Queensland waliiita hivyo nchi isiyofikiwa, kwa kuwa ndege huyo walimwona akipita lakini kiota chake hawakukipata. Anayesimulia amebaki nyumbani. Hatuambiwi ni miaka mingapi imepita. Tunaambiwa kijito walichokivuka kilikuwa kimefika kwenye kifundo cha mguu wa farasi, na kwamba tangu siku ile mvua zimekijaza mara tatu, na mara tatu miamba yake imebaki wazi. Wao hawajarudi. Foott aliishi kwenye ranchi ya upande ule, alijua mtu anavyohesabu siku kwa kutazama mto.

Lindi watakuuliza kama ni mwari wa unyagoni. Waache waulize. Neno likibeba ndege na msichana anayewekwa ndani, shairi la mtu anayesubiri halipungukiwi kitu.

Vina vipo, lakini vya mwisho tu; vya kati ni nadra. Mizani yao haihesabu silabi kama yetu, inahesabu mikazo ya sauti, ndiyo maana Gordon ukimsoma kwa sauti unasikia farasi akitembea. Vibwagizo wanavipenda kama sisi. Barcroft Boake, mpima ardhi na mchunga ng'ombe, alitoa mwaka 1891 shairi la watu waliokufa nyikani kwa kiu na dhiki, na kibwagizo chake kinaingia katika mizani nane bila kusukumwa: *ndiko walalako wafu*. Mwishoni anamleta tajiri mjini, ana divai mkononi na mnyororo wa saa wa dhahabu tumboni, hajui kwamba kila pete ya mnyororo ule imepigwa chapa ya majina ya waliolala kule. Nalihesabu kuwa shairi kali kuliko yote ya kizazi kile. Boake alijiua Mei 1892, na umri wake ulikuwa miaka 26. Hilo usilipeleke kidato cha pili. Ngoja wakue.

Mwalimu, umetusimulia majonzi ya walowezi. Mimi nimezaliwa Nakuru, babu yangu alifukuzwa kwenye ardhi iliyofanywa shamba la mzungu. Nauliza: wenyewe wa nchi ile wako wapi katika mashairi hayo? — Msomaji, Nakuru

Swali lako lilistahili kuwa la kwanza. Nimekosa kutoligusa toleo lililopita.

Tarehe 10 Juni 1838, Myall Creek, kaskazini mwa koloni la New South Wales, kundi la watu lilifika kwenye ranchi walikopiga kambi kwa amani watu wa Wirrayaraay. Waliwafunga kamba, wakawaongoza kando, wakawaua. Waliouawa hawakupungua 28, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Wauaji walikuwa wachunga ng'ombe wa farasi. Naomba wasomaji wote waliolilia shairi la Gordon walibebe hilo pamoja na machozi yao: kazi ni ileile, tandiko ni lilelile. Watu 11 walishitakiwa, wakaachiwa. Serikali iliwarudisha saba mahakamani, wakapatikana na hatia, wakanyongwa tarehe 18 Desemba mwaka huohuo, huku walowezi wengi wakilalamika kwamba mzungu hawezi kufa kwa ajili ya watu wale.

Siku tano kabla ya kunyongwa, gazeti moja la Sydney lilichapa shairi la Eliza Hamilton Dunlop, mama wa Kiayalandi ambaye alikuwa hajatimiza mwaka tangu ashuke melini. Alilitunga kama wimbo wa kubembeleza mtoto. Mama mwenyeji ametoroka usiku na mtoto mchanga. Mwanawe wa kwanza ameuawa mbele ya macho yake. Anamwambia mdogo nyamaza, nyamaza, watu weupe wasije wakasikia kilio chako. Nimebembeleza watoto wanne kwa nyimbo za bibi yangu, na sijawahi kuwaza kwamba wimbo wa kulaza mtoto unaweza kuwa wa kumficha asiuawe. Shairi hilo lilitiwa muziki, likaimbwa Sydney mwaka 1841, likashambuliwa gazetini, na Dunlop hakurudi nyuma.

Wengine hawakufika mbali hivyo. Charles Harpur, mtoto wa wazazi waliopelekwa Australia kama wafungwa, alitunga mwaka 1845 shairi refu la kijito chenye makaburi manne. Makaburi yote manne ni ya walowezi waliovamiwa usiku, na wameombolezewa kwa lugha nzuri sana. Ya upande wa pili hayakuhesabiwa. Henry Kendall alimwimba mzee aliyejikunyata, uso juu ya magoti, wa mwisho wa kabila lake. Limeandikwa kwa huruma, na bado linanikera, kwa sababu linawazika watu ambao hawajafa. Wapo mpaka leo.

Na wameandika wenyewe. Mwaka 1964 Oodgeroo Noonuccal alitoa kitabu cha mashairi, cha kwanza kuchapishwa na mtu wa wenyeji asilia wa Australia. Katika shairi lililokipa kitabu jina, watu wachache wanaingia kimyakimya katika mji mdogo uliojengwa mahali pao pa jando na ibada, wanakuta kibao cha dalali wa viwanja: taka zinaruhusiwa kutupwa hapa. Ukimaliza Gordon, soma hilo siku hiyohiyo, usilale kwanza.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi. Nimepata uhamisho kutoka Sumbawanga kwenda Mtwara, naondoka mwezi ujao. Mtoto wangu wa kwanza amezikwa Sumbawanga. Mume wangu ananiambia nisilie tena, ni miaka mitatu sasa. Katika hao washairi wako wa makaburi, kuna aliyeacha kaburi la mtoto akahama? Na ni vibaya kumwachia jirani alitunze? — Mama, Sumbawanga

Marahaba mdogo wangu. Yupo. Ni huyohuyo Kendall.

Mwaka 1869 alihamia Melbourne na mkewe Charlotte, akitumaini kuishi kwa kalamu. Walikuwa na binti mchanga, walimwita Araluen, jina la bonde moja la New South Wales. Kalamu haikuwalisha. Mwaka 1870 mtoto alifariki, na mwaka huohuo wakarudi Sydney. Shairi lenye jina la mtoto linasimama siku ya kuondoka. Mume anamwambia mke: chukua ua hili la waridi, uliweke taratibu kwenye kuvumwani, hapo alipolala mdogo wetu. Piga magoti pamoja nami. Ndege tuliyemzika hatuna budi kumwacha, leo ndiyo siku ya kumuaga. Tunakwenda nchi nyingine, na maua tuliyoyalea tunayaacha katika mikono ya wengine.

Kendall aliandika mashairi mazuri kuliko hilo, ya vijito na ndege wenye sauti kama kengele, ndiyo anayosifiwa kwayo. Alikunywa sana baada ya Melbourne, akapata nafuu, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1882. Kwangu mimi angeandika hilo moja tu lingetosha. Hamwambii mke asilie. Mwonyeshe mumeo mahali hapo.

Mwaka 1983 mimi na marehemu mume wangu tulipata barua ya uhamisho kutoka Tunduru kuja Tanga. Binti yetu wa miezi saba alikuwa amelala Tunduru tangu masika ya mwaka uliotangulia. Malaria. Nilipanda asumini kichwani pake, kwa sababu ndiyo harufu ya nyumbani kwetu, na Tunduru nzima sikuona asumini nyingine. Siku ya kuondoka gari lilikuwa limeshawashwa. Jirani yetu, bibi wa Kiyao ambaye hakujua kusoma, alikuja akachukua jembe langu na ufagio pale barazani bila kuniuliza, akaniambia, "Hivi vinabaki." Hakusema vinabaki kwa kazi gani.

Nilirudi mwaka 2009, miaka 26 baadaye. Bibi alikuwa ameshafariki. Mjukuu wake alinipeleka kwa miguu, nikawa namwambia njiani asijisumbue, sitegemei kuona kitu. Asumini ilikuwepo. Mbuzi walikuwa wameila upande mmoja. Chini palikuwa pamefagiliwa asubuhi ile, mistari ya ufagio ilionekana, na yule kijana hakujua kwamba ningekuja.

Kwa hiyo si vibaya. Mwachie jirani, na umwachie na jembe.